"Ukianguka wewe majini, mimi nifanye nini?"

Ndugu washauri,

Nina boti ya matanga ya mita 8, mkuku wake (uti wa chini) unazama mita 1.4, usukani ni wa mkono, injini ni ndogo ya dizeli na ndani kuna vitanda vinne. Nimeiendesha miaka sita sasa, safari za mchana tu. Nataka kuichukua familia tulale usiku mmoja kwenye ghuba iliyo umbali wa maili 18 za baharini na kurudi kesho yake. Binti yetu ana miaka 6, mdogo wake wa kiume ana miaka 3. Nanga ni ya kilo 10, mnyororo mita 10, kamba mita 40. Redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) ninayo. Majaketi okozi ni ya watu wazima, ila yapo mawili ya saizi ndogo ambayo watoto wangevaa kwa sasa.

Mke wangu amepanda boti hii mara tano au sita na hajawahi kushika usukani. Hakatai safari, lakini ameniuliza: "Ukianguka wewe majini, mimi nifanye nini?" Nikamjibu kwamba siwezi kuanguka. Hakuridhika, na nikiwa mkweli hata mimi sikuridhika. Je, maili 18 ni nyingi? Watoto walale wapi? Kichefuchefu kizuiwe vipi? Usiku nani akeshe?

Baba wa Wawili

Ndugu Baba wa Wawili,

Tunaanza na swali la mama watoto, kwa sababu maswali yako mengine yote yanajibiwa humo. Wewe umehesabu watu wazima wawili ukadhani una mabaharia wawili. Mtoto wa miaka 3 anamchukua mtu mzima mmoja tangu mnapofungua kamba gatini hadi anaposinzia, na akiamka anamchukua tena. Boti hiyo ina baharia mmoja, na baharia huyo akipatwa na jambo, hana wa kumpokea. Panga safari ya baharia mmoja mwenye abiria watatu, uone mambo mangapi yatabadilika yenyewe.

Kwanza jipime. Mwombe mtu anayejua matanga akae kwenye boti bila kugusa kitu, nawe peke yako utweke tanga kuu, ulipunguze, ulitue, utie nanga, uing'oe na urudi gatini. Ukilazimika kumwomba mkono hata mara moja, tarehe ya safari bado haijafika. Kinachowashinda wengi ni kupunguza tanga, maana ndiyo kazi inayompeleka mtu mlingotini huku usukani hauna mwenyewe. Kama boti yako haina kamba za kupunguzia tanga zinazofika hadi kwenye viti vya nyuma, punguza tanga mapema, ukiwa bado gatini, na utoke hivyo hivyo. Mtachelewa nusu saa, nanyi mtafika hamjachoka.

Sasa jibu lenyewe. "Siwezi kuanguka" litakuwa neno la kweli siku utakapovaa mkanda wa usalama wenye kamba fupi na kuufunga kila unapoondoka kwenye viti vya nyuma, hata bahari ikiwa shwari, hata ukienda mara moja tu kunyoosha kamba iliyojisokota. Baada ya hapo mfundishe mkeo kuisimamisha boti, na umfundishe mbinu moja tu, isiyohitaji nguvu wala uzoefu.

Mkiwa mnakwenda huku upepo unatokea ubavuni au mbele kidogo, ageuze omo (mbele ya boti) ipite kwenye upepo bila kuachia kamba ya tanga la mbele. Tanga hilo litajaa kinyumenyume na kuisukuma omo nyuma, na boti itapoteza mwendo. Hapo ausukume mkono wa usukani kuelekea upande ulipo mti wa chini wa tanga kuu, aufunge kwa kamba pale pale. Boti itatulia, ikisogea taratibu kwa pembeni, na aliyeanguka hatakuwa mbali. Wakati huohuo amtupie boya, na binti yako wa miaka 6 awe na kazi moja: kumnyooshea kidole aliye majini bila kuondoa macho. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hupotea machoni haraka mno, na aliyekipoteza hukipata tena kwa bahati.

Injini inafuata, lakini kabla ya kuweka gia lazima ahakikishe hakuna kamba inayoning'inia majini. Kamba ikijizungusha kwenye rafadha (panga la injini linalozunguka majini), injini imekufa na tatizo limekuwa mara mbili. Akimkaribia mtu arudishe gia katikati, rafadha isizunguke. Ngazi ya nyuma iwe ya aina ambayo mtu aliye majini anaweza kuishusha mwenyewe. Nyingi hufungwa kwa juu, na huko juu aliyechoka hafiki. Kumvuta mtu mzima mwenye nguo zilizolowa hadi sitahani kwa mikono ya mtu mmoja ni jambo la kutotegemewa hata kidogo. Na hakuna anayeruka majini kumfuata mwenzake.

Redio: bandika kadi karibu nayo, kwa herufi kubwa. Kama redio yako ina kitufe chekundu chini ya kifuniko, kiinuliwe na kitufe kishikiliwe sekunde 5, ili ishara ya dharura itoke pamoja na mahali mlipo, mradi redio imeunganishwa na GPS. Kisha chaneli 16, nguvu ya juu: "Mayday" mara tatu, jina la boti mara tatu, halafu "Mayday" na jina la boti tena, mahali mlipo, kilichotokea, msaada unaotakiwa, idadi ya watu wakiwemo watoto. Aisome kwa sauti mkiwa gatini, redio ikiwa imezimwa, mara kadhaa, hadi ulimi uzoee. Mtu mwenye hofu husahau hata jina la boti yake. Asisubiri kuona kama ataweza peke yake. Wito unaweza kufutwa baadaye.

Mazoezi haya yote yafanyeni mkiwa na boya lililofungwa ndoo, watoto wakiwa wamebaki nyumbani. Mkeo aweze kulifikia na kulinasa boya mara tatu mfululizo, wewe ukiwa umekaa kimya. Kukaa kimya ndiyo sehemu ngumu kwako.

Kuhusu majaketi hatuna la kulainisha: ya watu wazima, hata yawe madogo, hayafai kwa watoto hao. Mtoto akitumbukia, jaketi hupanda juu na yeye hutelezea chini. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake ulioandikwa kwenye lebo, na kwa mtoto wa miaka 3 liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, kola kubwa inayokiinua kichwa, na kishikio cha kumvutia juu. Kwa umri huo chagueni la povu badala ya la kujaa hewa, kwa kuwa povu halina chupa ya gesi ya kushindwa kufyatuka. Kipimo cha haraka: mfunge, kisha inua jaketi kwa mabega. Likifika kwenye masikio yake, halijamkaa. Baada ya hapo mwingizeni kwenye maji ya kina kifupi akiwa mikononi mwenu, ajue linavyombeba na linavyomgeuza uso juu. Mtoto anayelivaa kwa mara ya kwanza siku ya safari hulia hadi livuliwe, na mzazi aliyechoka hulivua.

Sharti ni kwamba mtoto aliye nje ya kabini amevaa, gatini na kwenye dingi (mashua ndogo ya kufikia ufukwe) vilevile. Mkiwa njiani yule mdogo awe pia na mkanda wa usalama mwilini wenye kamba isiyozidi mita 1, iliyofungwa katikati ya viti vya nyuma, ipimwe asiweze kufika ukingoni. Kamba ndefu inayomruhusu kuning'inia nje ya boti ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Wavu wa pembeni ni mzuri kwa vitu vya kuchezea na viatu, lakini usiuhesabu kama ulinzi wa mtoto.

Tuje kwenye maili 18. Upepo ukiwa nyuma, kwa mwendo wa noti 4.5 (maili za baharini kwa saa) ni saa 4. Ukiwa unatokea mnakokwenda, itabidi mpige bisho (mwende kwa mshazari, upande huu kisha ule), na kwa boti inayogeuka nyuzi 90 kutoka upande mmoja hadi mwingine, njia hurefuka kwa kama mara 1.4. Maili 18 zinakuwa 25, na kwa noti 4 ni zaidi ya saa 6, boti ikiwa imelala ubavu muda wote. Mkondo wa noti 1 ukiwa dhidi yenu, hesabu inaharibika kabisa. Mtoto wa miaka 3 hana saa 6 za kukaa mahali pamoja, wala mama yake hana saa 6 za kumshikilia.

Chagueni ghuba iliyo kati ya maili 8 na 10. Maili 8 ni saa 2 upepo ukiwa mzuri, na chini ya saa 3 mkipiga bisho. Ondokeni ili usingizi wa mchana wa yule mdogo uangukie katikati ya safari, na mfike si chini ya saa 3 kabla ya jua kuzama, mwanga ubaki wa kuhamia pengine kama mahali penyewe hapafai. Hapo pengine pawe pameshachaguliwa kwenye ramani kabla ya kuondoka. Mafuta yatoshe kwenda na kurudi kwa injini peke yake: maili 16 kwa noti 4 ni saa 4, na kwa injini inayokula lita 2 kwa saa hizo ni lita 8. Bebeni 12, theluthi iwe akiba.

Upepo wa utabiri usizidi noti 12, na ukisomeka 12 tarajieni vishindo vya 16 au 17. Kumbuka kuwa boti inayokwenda dhidi ya upepo hujiongezea: noti 12 za upepo na 4 au 5 za mwendo wenu, usoni mnahisi karibu 16. Mkigeuka na kuuacha nyuma mnahisi 7 au 8 tu, kila mtu anavua sweta, na hapo ndipo watu husahau kupunguza tanga. Huko pia ndiko mti wa chini wa tanga kuu hukatiza ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama. Ufungeni kwa kamba ya kuuzuia, na watoto wakae chini. Pia angalieni mkondo: ukipingana na upepo, mawimbi hukaribiana na kuwa wima, hata kwa upepo mdogo.

Kama mahali mnapokwenda maji hujaa na kupwa, msiende wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Siku za maji mafu mikondo hupoa na tofauti ya kina hupungua. Maji mafu yanayofuata mwezi mchanga kufikia nusu yana faida ya ziada: mwezi huwa juu tangu jioni hadi karibu usiku wa manane, saa zile ambazo mtakuwa bado mnahangaika na watoto, vyombo na nanga.

Nanga sasa, na hapa tunaomba uchukue kalamu. Tuseme kipima kina kinasoma mita 4 mnapofika, na hesabu hiyo inaanzia usawa wa maji. Jedwali linasema maji yatapanda mita 2 zaidi. Omo yako iko mita 1 juu ya maji. Jumla ni mita 7. Kwa amari (mnyororo na kamba ya nanga kwa pamoja) ambayo sehemu kubwa ni kamba, zidisha kwa 7: mita 49. Wewe una 50 kwa jumla. Upepo ukikaza saa nane za usiku huna kitu cha kuongeza, maana kinachoifanya nanga ing'ang'anie ni amari kulala chini na kuivuta kwa mlalo. Ikivutwa kuelekea juu inang'oka. Ongeza kamba ya mita 20 au utafute kina kidogo zaidi. Lakini pimeni upande wa pili pia: kama maji yatashuka mita 1 chini ya yalivyo mkifika, kina ni mita 3, na mkuku wako wa mita 1.4 unabakiwa na 1.6. Hiyo inatosha kwa maji tulivu.

Mkitia nanga, boti irudi nyuma polepole huku amari ikitoka kidogo kidogo, isirundikane juu ya nanga. Kisha gia ya nyuma, nguvu ikiongezwa taratibu hadi kama theluthi mbili, muishikilie dakika nzima. Tazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyo ubavuni mwenu, kimoja nyuma ya kingine, kama mti na jiwe. Vikibaki vimenyooka, nanga imeshika. Vikiachana, inaburura, na dawa yake ni kuing'oa na kuanza upya, hata mara ya tatu, hata watoto wakiwa wanalia njaa. Mkumbuke pia kwamba boti itazunguka na upepo. Chora duara lenye urefu wa amari yenu pamoja na boti, pande zote, na ndani ya duara hilo pasiwe na mwamba, fungu wala boti nyingine.

Usiku mmoja ghubani hauhitaji watu wawili macho. Nanga ikishika vizuri na utabiri ukiwa tulivu, weka king'ora cha nanga kwenye GPS, washa taa nyeupe ya nanga inayoonekana pande zote, na uamke kila baada ya saa 2 kutazama alama zako. Chagua zenye taa au zinazoonekana gizani. Mkeo alale, kwa sababu asubuhi atakuwa na kazi kuliko wewe. Kabla ya kulala andika kwenye karatasi nyuzi za dira za kutokea ghubani na umbali wa kuzifuata. Kama upepo utageuka na kuisukuma boti kuelekea pwani, utaondoka kwa karatasi hiyo, usiku, na majaketi ya watoto yawe yametundikwa karibu na vitanda vyao tangu jioni.

Watoto walale kwenye vitanda vya katikati ya boti, vya chini. Kile cha omo hupigwapigwa na mawimbi, na mnyororo hukwaruza karibu na sikio. Fungeni turubai la kuzuia kuanguka, lenye kimo cha sentimita 30 au zaidi juu ya godoro, lililofungwa juu kwa kamba mbili ambazo mtu mzima anafungua kwa mkono mmoja. Mlango wa ngazi uwekewe mbao hadi kimo asichoweza kukipanda mdogo, na kengele ndogo itundikwe pale. Wakati tunaouogopa kuliko wote ni mtoto kuamka usiku akitaka haja ndogo na kutoka peke yake. Wekeni ndoo yenye kifuniko ndani ya kabini, na iwe mwiko kwa kila mtu, wewe baba ukiwa wa kwanza, kukojoa ukiwa umesimama ukingoni.

Kichefuchefu humkamata zaidi binti yako kuliko mdogo wake. Watoto wa chini ya miaka 2 huumwa mara chache, na wa umri wa shule ndio huteseka. Ongeeni na daktari au mfamasia kuhusu dawa inayofaa kwa uzito wa kila mtoto, na mjaribu dozi moja nyumbani kwanza, kwani watoto wengine, badala ya kusinzia, huchangamka kupita kiasi. Dawa hutolewa kabla ya safari. Aliyekwisha kutapika hawezi kuibakiza tumboni. Mengine ni ya kawaida: akae nje akitazama upeo wa bahari, asisome wala kuchezea simu ndani ya kabini, ale biskuti kavu kidogo kidogo. Mpeni kazi ya kushika usukani pamoja nawe. Macho na mwili vikipata habari moja, tumbo hutulia.

Upikaji ufanyike boti ikiwa kwenye nanga tu, sufuria isizidi nusu, watoto wakiwa nje na mama yao. Chakula kiwe kimepikwa nyumbani, cha kupasha moto. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutiririka hadi kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti) na kukaa huko ikingoja cheche, kwa hiyo fungeni bomba la mtungi kila baada ya kupika. Jiko lisitumike kupashia kabini joto. Wekeni king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vitanda. Gesi hiyo haina harufu, na aliyelala haamki.

Maji ya kunywa na kupikia: lita 3 kwa kila mtu kwa siku, watu wanne, siku mbili, ni 24. Bebeni 40, na nusu yake iwe kwenye madumu, tangi lisije likavuja mkabaki bila tone. Nguo kavu seti mbili kwa kila mtoto kwenye mifuko isiyopitisha maji, kwa sababu mwili mdogo uliolowa hupoa haraka hata siku ya joto. Kofia zenye kamba, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kila baada ya saa 2.

Kwenye dingi atangulie mtu mzima, mtoto apokezwe mmoja mmoja. Kama haiwabebi wote kwa raha, endeni mara mbili, na mtoto asiachwe peke yake kwenye boti wala ufukweni.

Msiunganishe mambo yote siku moja. Wikendi ya kwanza iwe ya safari ya saa 2 mchana na kurudi. Ya pili laleni kwenye boti ikiwa gatini, mpike, mtumie ndoo, mfunge turubai, mjue kinachokosekana. Ya tatu ndiyo iwe ya ghuba. Asubuhi ya safari someni utabiri wa leo na wa kesho, kwa kuwa siku ya kurudi ndiyo inayowabana watu: wana kazi Jumatatu, wanatoka kwenye upepo ambao wasingeukubali Jumamosi. Jipeni siku moja ya ziada, na chakula chake.

Mwachieni mtu wa nchi kavu karatasi yenye jina na rangi ya boti, majina yenu, ghuba mnayokwenda na ile ya akiba, saa ya kurudi, na saa ambayo, asipowasikia, atapiga simu kwa waokoaji wa baharini. Namba iwe imeandikwa hapo hapo. Na mkeo akisema hapana asubuhi ile, kamba zibaki gatini. Mtalala hapo hapo, watoto watavua samaki ubavuni wakiwa na majaketi yao.